Injini Inayotoa Matone

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Injini imechemka katikati ya maji, abiria tisa ndani. King'ora kikalia. Nikawaambia ni simu yangu. Simu yangu nilikuwa nimeishika mkononi, imezima.

Sisi wa kazi hii tunasema injini yenye afya inakojoa. Ina kijitundu ubavuni, na maji yanayoipooza hutokea hapo, mchirizi mmoja mzuri, muda wote inaponguruma. Yangu leo imetoa matone. Matatu. Nimeyahesabu.

Sababu naijua. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye boti, aliponiachia alinipa agizo moja tu: kila jioni itumbukize kwenye pipa la maji baridi, iwashe dakika kumi, itoe chumvi tumboni. Sijafanya hivyo tangu Januari. Bomba liko mbali na mgongo ni wangu. Nimekuwa nikiipangusa kwa kitambaa. Kwa nje inang'aa kama sahani ya wageni.

Shemeji anarudi Jumapili. Hii ni kazi yangu ya tano, na mke wangu ndiye aliyenisemea. Alimwambia kaka yake, safari hii niamini mimi, huyu amebadilika. Nikiikumbuka kauli hiyo natamani kuingia chini ya kitanda.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia fundi nikiwa nyuma ya nyumba. Nikamweleza kwamba haitoki vizuri, inadondoka tu. Kwamba njia imeziba, nadhani ni chumvi. Kwamba nikiilazimisha inachemka, na jana imeniaibisha mbele za watu. Nikamsihi mke wangu asijue. Fundi akasema nisiiguse mpaka aje Alhamisi.

Mchana supu haikuwa na chumvi hata chembe. Nikaomba. Mke wangu akanitazama, machozi yakimlengalenga, akasema hapana, baba, chumvi sasa basi. Sikuelewa. Nikanywa hivyo hivyo. Maji ya kuoshea vyombo yana ladha zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Dada mkubwa wa mke wangu amefika asubuhi na mto laini. Akanikalisha juu yake. Akaniambia mumewe naye yalimpata, na leo anapiga mluzi chooni, kwa hiyo nisione haya. Nikajiuliza mgonjwa ni nani.

Kumbe jana nikimpigia fundi, mke wangu alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta, akasikia kila neno!

Nilifungua mdomo niseme ni injini. Nikaufunga. Mgonjwa haulizwi habari za injini! Shemeji atafika, atanikuta na blanketi, atasema pole. Nikajishika tumbo, nikaguna. Chini kidogo, akanielekeza dada mtu. Nikashusha mkono.

Mke wangu amekaa kando yangu mchana kutwa. Hajafanya hivyo tangu mwanetu wa mwisho alipoolewa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoka kwa kisingizio cha kunyoosha miguu, chupa nne za siki ndani ya koti. Sikumngoja fundi. Mpango: injini kwenye pipa, maji, siki, washa, chumvi iyeyuke. Mpango safi kabisa. Isipokuwa niliisahau kwenye gia. Pangaboi likazunguka kama limetukanwa, na pipa zima likaruka hewani likamshukia Bwana Usafi.

Bwana Usafi huendesha boti ya watu kwa zamu. Kila jioni huosha injini kwa kutazama saa, halafu hunitazama mimi. Leo alikuwa na shati jeupe. Akajinusa, akasema angalau yeye ameoshwa, akaiuliza injini yangu mara ya mwisho kuoshwa ilikuwa lini.

Fundi akafika, akafungua kichwa cha injini. Humo ndani weupe mtupu, mgumu kama saruji. Akachokoa kwa bisibisi, kikamdondokea kipande kiganjani. Akaniambia, mzee, ulichonacho si injini, ni duka la chumvi. Kifuniko kimepinda kwa joto. Vipuri wiki mbili. Akaiacha vipande vipande juu ya turubai, akaondoka akitikisa kichwa.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu amenipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari ni binti wa umri wa mwanangu. Sitaandika alichofanya. Akasema niko mzima kabisa, kwa umri wangu nashangaza.

Nikatoka nikamkuta mke wangu kwenye benchi, kitenge mdomoni. Nilipomwambia, alilia mpaka mlinzi akaleta kiti kingine. Akasema amekesha siku tatu akijaribu kuizoea nyumba nisiyokuwamo, imemshinda. Nilitaka kumwambia ukweli. Naapa nilitaka. Nikamwambia nasikia njaa.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amefika. Akapitia kwanza gatini, akaiona turubai. Akaja na kipande cha chumvi ndani ya leso, akakiweka mezani katikati ya vikombe.

Nikasema ulikuwa ugonjwa, sasa umeisha. Nilishindwa kubeba maji. Akanipa pole, pole ya kweli. Halafu akauliza maumivu yalianza lini. Nikakitazama kile kipande. Hakikuwa cha wiki moja, hata mtoto angejua. Nikasema tangu Januari.

Mke wangu akatua birika. Taratibu. Akauliza: "Tangu Januari? Na hukuniambia?"

Uongo ulikuwa umeniishia. Nikaomba sukari.

Shemeji akasema nipumzike. Injini ikipona, boti itaendeshwa na Bwana Usafi. Akasema ni kwa ajili ya afya yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Boti nimeipoteza kwa huruma. Ningefukuzwa, angalau ningegombana na mtu.

Mke wangu haongei. Ameweka jagi la maji mbele yangu, akasimama hapo mpaka nikalimaliza. Akaleta la pili. Injini haikuoshwa, naoshwa mimi. Mchana akala jikoni peke yake, mlango umefungwa. Nikaita, akajibu dawa zangu ziko kabatini. Sina dawa yoyote.

Nimewaza mpaka jua likazama. Wiki iliyopita alikaa kando yangu kwa sababu nilikuwa naumwa. Hesabu yake ni rahisi. Nimempigia fundi, ana sauti nzito. Kesho asubuhi atampigia mke wangu, ajitambulishe kama daktari mkuu, aseme majibu yangu ya Ijumaa yalichanganywa na ya mtu mwingine. Amekubali baada ya kubembelezwa sana. Ameuliza tu aseme ni ugonjwa gani.

Nimemwambia achague yeye, mradi usiwe mdogo.