Kapteni Veliko Alitoka Mlangoni au Dirishani?

Newala,
Novemba 1999

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Televisheni ya Upeo,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MTU MLIYEMWACHA CHUMBANI, NA POSA ILIYOVUNJIKA KWA AJILI YAKE

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, basi marahaba, na tuendelee.

Mimi ni Sikuzani binti Mkopi, mke wa Halfani, mama yake Shamila. Tunalima korosho na mihogo hapa Newala. Si mtu wa mashtaka mimi. Mbuzi wa jirani alikula kanga yangu mpya nikamsamehe, na mwenye mbuzi nikampa pole, maana mbuzi alivimbiwa. Lakini nyinyi wa televisheni mmenifika hapa, na hapa ninapoonyesha ni shingoni.

Labda hujui tunavyokutazameni huku, kwa hiyo nieleze. Kila Jumapili baada ya alasiri tunakusanyika barazani kwa Mwalimu Cuthbert, mwalimu mstaafu aliyetoka upande wa Masasi. Yeye ana vitu vitatu ambavyo sisi hatuna: dishi, jenereta na Kiingereza. Tunakuja na mikeka na ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, ya kutafuna. Mwalimu anasimama kando ya televisheni na fimbo yake, anatutafsiria. Wakisema maneno mengi yeye husema machache, wakisema machache yeye huongeza mawaidha, lakini tumemzoea.

Ndivyo tulivyoifuata tamthilia yenu ya yule jasusi, ile aliyotuambia Mwalimu kwamba jina lake ni Fundi wa Vinanda. Kapteni Veliko ametumwa kwenye mji wa maadui. Anajifanya fundi wa kutengeneza vinanda. Anaingia nyumba za wakubwa, anafungua kinanda, anasikiliza siri. Huko huko anamwoa Danitsa, binti wa watu, mpole, asiyejua lolote. Na kumbe Kapteni anampenda kweli. Tuliwafuata hao wawili tangu miembe inatoa maua mpaka korosho zinaanguka. Mume wangu Halfani, ambaye hakulia tulipomzika mjomba wake, alimlilia Danitsa barazani kwa watu, akasema ni vumbi.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkumaliza. Katika sehemu ile mliyoiita ya mwisho, siri imefichuka. Kapteni yuko chumbani gizani, na taa moja ya mezani. Mlangoni Danitsa anagonga, anasema, "Nimekwisha kujua wewe ni nani. Nifungulie hivyo hivyo." Nyuma yake askari wanapanda ngazi. Dirishani kuna kamba, na chini wenzake wanamngoja na gari wampeleke kwao. Kapteni anatazama mlango. Anatazama dirisha. Anavaa kofia. Anazima taa.

Skrini ikawa nyeusi, kisha majina ya watu yakaanza kupanda kama siafu.

Tukamgeukia Mwalimu Cuthbert. Tukamwambia, "Mwalimu, amesema nini?" Akasema, "Hakusema kitu." Tukamwambia tafsiri basi. Akakasirika, akapiga fimbo chini: "Nimefundisha Kiingereza tangu nywele zangu nyeusi, lakini giza sijui kulitafsiri!"

Ndugu Mkurugenzi, hata bibi yangu, aliyekuwa hana meno wala miwani, alikuwa akianza hadithi ya sungura anaifikisha. Hakuzima kibatari sungura akiwa mdomoni mwa fisi akatuambia tulale.

2. Mmetugawa. Serikali ilipotuambia tuwe na vyama vingi, hapa kwetu tulivipokea kwa utulivu, wengi wetu tukabaki tulipokuwa. Nyinyi kwa Jumapili moja mmeleta vyama viwili ambavyo hakuna asiye na kadi yake moyoni. Kuna Wamlangoni, wanaosema Kapteni alimfungulia mkewe, potelea mbali askari. Na kuna Wadirishani, wanaosema alishika kamba akaenda zake. Watu wanaulizana kabla ya kusalimiana.

Kuna mnunuzi binafsi wa korosho amekuja msimu huu, wa haya mambo ya soko huria, anavaa miwani myeusi kama jasusi. Wakulima wakamzunguka, wakataka aseme kwanza yeye yuko wapi. Maskini akadhani ni swali la biashara, akasema, "Mimi popote, hata dirishani nitapokea." Wamlangoni wote wakabeba magunia yao wakarudi nayo nyumbani. Baadaye tukaja kujua yule bwana ni mgonjwa wa macho.

Na fundi seremala wetu, Ladislaus, ananiambia hajawahi kupata kazi kama mwezi huu. Wake za watu wanataka madirisha yapunguzwe. Kuna nyumba mpya njia ya sokoni ina dirisha dogo kama sahani. Mwenye nyumba anasema ni kwa ajili ya ubaridi.

3. Hili ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Mmemvunjia mwanangu posa.

Shamila alikuwa ameposwa na Nasibu, fundi baiskeli wa Masasi, pale Mkomaindo. Kijana ana adabu, na akiulizwa hujibu kweli tupu, jambo ambalo nilidhani ni sifa. Baba yake, Mzee Bwanali, ni mfanyabiashara wa vitambaa, Myao wa familia ya siku nyingi. Walipanda mlima wakaja kwetu na ndugu zao kuyamaliza. Kaka yangu, mjomba wake Shamila, akakaa mbele kama ilivyo desturi yetu, maana mtoto ni wa mjomba. Nikapika wali na kuku wawili, nikachota maji niliyoyatunza, na wewe ukiuliza mtu wa uwanda huu atakuambia maji maana yake nini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakati wa kunawa. Kaka yangu, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Huko Masasi nako mlimwona yule Kapteni?"

Bwanali akasema, "Tulimwona. Alitoka dirishani. Mwanamume mwenye akili hutoka dirishani."

Halfani, aliyekwisha kumega, akarudisha tonge kwenye sinia. "Na mke aliyekuwa anagonga?"

"Mke atapata mwingine."

"Baba Nasibu," mume wangu akasema, taratibu, "unayemposa yuko nyuma ya ukuta huu. Anakusikia."

"Na asikie. Mimi nasema habari za jasusi."

"Na mimi nasema habari za mume."

Hapo, Ndugu Mkurugenzi, mwanangu akafanya jambo ambalo mwari wa kuposwa hafanyi. Alitoka. Akasimama mbele ya wageni na mikono yake ina unga, akamtazama Nasibu peke yake. "Wewe je? Ungetoka wapi?"

Nasibu alifikiri. Laiti angekuwa mwongo! Alifikiri kama anavyotazama gurudumu lililopinda, kisha akasema, "Inategemea dirisha liko juu kiasi gani."

Shamila akainama, akalichukua sinia la wali, likiwa bado na kuku wake, akaingia nalo ndani. Wageni wakabaki wamenawa mikono, hakuna cha kushika. Posa ikaishia hapo.

Usiku ule nilimkuta mwanangu kakaa kwenye kinu, hali, hasemi. Nikamwambia mwenzio ni mkweli tu. Akanijibu, "Mama, nilikuwa nataka mkweli wa jibu jingine." Tangu hapo anatwanga mahindi ambayo hatujapanga kuyala. Nyumba nzima inatikisika.

4. Tena mmenipa mgeni asiye na jina. Bwanali si mkwe wangu tena, sivyo? Lakini kila Jumapili anapanda basi kutoka Masasi kuja kumaliza hoja na Halfani. Anaketi barazani kwangu. Anakula kwangu. Anaona aibu kuja peke yake, kwa hiyo anakuja na mwanawe, kijana wa watu anakaa pembeni anakaza spoku za baiskeli ya Halfani ambazo hazikulegea. Wazee wanabishana mpaka wanakauka makoo, nawapa uji. Wiki iliyopita Halfani alitoa mlango wetu wa uani kwenye bawaba zake ili aonyeshe ni mwepesi kiasi gani kuufungua ukiwa unampenda mtu. Mpaka leo umeegemezwa ukutani, na mbuzi wanaingia na kutoka.

5. Nimefikiria sana kosa ni la nani, na nimeona ni lenu. Mnunuzi wa korosho akinipunja, siku hizi naweza kumpelekea mwingine, ndiyo faida ya soko huria tunayoambiwa. Mkinipunja mwisho wa hadithi nimpelekee nani? Kapteni mnaye nyinyi peke yenu.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, kwa heshima zote.

Naomba mniandikie barua rasmi yenye mhuri ikieleza kwamba Kapteni Veliko, siku ile, alitoka mlangoni. Nasema mlangoni kwa sababu barua ya dirisha haitanisaidia, msipoteze wino.

Kama hamwezi kuandika bila ushahidi, mwiteni mwenyewe yule mwigizaji, aje Newala aeleze mbele ya Bwanali. Ashuke Masasi, aulize gari la Newala, asikubali kukaa nyuma maana kule kona zinarusha watu. Tutampokea. Atalala kwetu, katika chumba kisicho na dirisha, na hatutamfunga.

Kama naye hajui, maana inasemekana waigizaji husemeshwa tu, basi tuleteeni aliyeitunga. Huyo nitazungumza naye mwenyewe, jikoni.

Na kuanzia sasa, tamthilia yoyote mtakayoileta, muanze kutuonyesha mwisho. Tuutazame, tuukubali au tuukatae kwa kunyoosha mikono, ndipo mrudi mwanzo. Sisi hatununui gunia bila kutia mkono mpaka chini.

Nisalimie mafundi wa mitambo wanaopanda ile minara. Nisalimie dada anayesoma taarifa ya habari na umwambie kilemba cha Jumapili kilimpendeza. Nisalimie pia yule kaka wa hali ya hewa, na umkumbushe kwamba kusini hakuishii Lindi, kuna watu huku, na mvua wanaitaka. Mwalimu Cuthbert anakusalimu kwa Kiingereza. Halfani anakusalimu kwa sharti kwamba uko mlangoni.

Ni mimi mtazamaji wako, niliyezimiwa taa nikiwa nimesimama katikati ya chumba,

Sikuzani binti Mkopi
(Mama Shamila)

N.B. Ndugu Mkurugenzi, kabla sijalamba bahasha, soma na haya.

Leo ni Jumapili. Wazee wako barazani kama kawaida, sauti zao zinafika mpaka kwa jirani. Mimi nilikuwa uani nachekecha unga, nyuma ya tanuru la matofali. Sikuwa nasikiliza. Masikio yalikuwa wazi tu. Nasibu akaacha spoku zake, akamfuata Shamila kwenye kinu. Akasimama. Akasema:

"Shamila, siku ile nilijibu swali la jasusi. Mimi si jasusi. Mimi ni fundi baiskeli. Nikitoka nyumbani nitakuambia nakwenda wapi, na nikichelewa ujue mnyororo umekatika."

Mchi ukanyamaza. Kisha nikamsikia mwanangu anacheka, kicheko ambacho sikukisikia nyumbani kwangu tangu mlipozima ile taa yenu. Akamwambia, "Na ukikatika?" Akasema, "Nitasukuma."

Nikamtuma mtu amwite kaka yangu. Akaja mbio. Tukaenda barazani, tukawaambia wale wazee wawili kwamba watoto wamepatana, tufunge ndoa kabla ya Ramadhani, ndoa iwe Newala, wapishi watoke kwetu, na bibi harusi ahamie Masasi baada ya kuvuna. Kaka yangu alikuwa amejiandaa kwa vita. Mambo kama hayo kwetu huchukua msimu mzima na watu hununiana hadi wajukuu.

Bwanali akasema, "Sawa, sawa, pangeni." Halfani akasema, "Ndiyo, mtangulie." Wala hawakugeuza shingo. Bwanali alikuwa anaeleza urefu wa kamba.

Sasa nakuomba kwa yote unayoyaheshimu: usijibu. Usituandikie, usimlete mwigizaji, usirudie kuonyesha, na kama kuna sehemu nyingine mmeificha kabatini, ifungieni. Wazee hawa siku watakayojua Kapteni alitokea wapi, watatulia, watatazamana, na watakumbuka kwamba kuna harusi hawajaigombania. Ichukulie barua hii kama haikufika, na yale niliyoandika juu kuhusu bibi yangu na sungura uyasahau.

Lakini kama jibu unalo na linakuwasha, basi niandikie mimi peke yangu. Juu ya bahasha uandike "Dawa ya Mikorosho", kwa vile unga wake unawasha macho, hapa hakuna atakayeifungua.