Kapo la Habari za Kesho

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Siku ilianza vizuri, kisha zikafika salamu za Hajati Houda. Salamu za mwenye nyumba si salamu, ni homa. Siku hizi anakaa mtaa wa Asiatique kwa binti yake, lakini vyumba vyake vya hapa Buyenzi hajavisahau: changu cha vipuri, na cha Massoudi kinyozi, ukuta kwa ukuta. Atakuja Jumatatu ijayo. Massoudi amemwomba ruhusa ya kuvunja ukuta ili apanue saluni. Upande wa kupanulia ni mimi! Hajati amesema atakuja aone kwa macho yake. Duka lenye watu litabaki. Duka lisilo na watu ni stoo, na yeye hakujenga stoo.

Nikalitazama duka langu. Radieta moja. Shokabsoba zisizo na wenzake. Kapo jeupe la Corolla, yaani ule mfuniko wa injini. Na mimi. Wateja wangu walikimbia, wakavuka mpaka kwenda Uvira mwezi wa tatu, na mizigo inaogopa barabara. Kwa Massoudi benchi limejaa hadi nje. Nywele haziogopi vita, zinaota tu.

Humu ndani niliingia nikiwa kijana mwenye nywele zangu zote. Nikitolewa, nakwenda wapi na radieta?

Jumanne, 3 Oktoba

Nimechunguza siri ya Massoudi. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimekuja kunyolewa au kuposa. Benchi zima likacheka. Nina upara, wanajua.

Siri ni habari! Katika mtaa huu kila biashara ina habari zake. Mchinjaji anajua misiba. Fundi cherehani anajua ndoa kabla bwana harusi hajaambiwa. Massoudi ana redio, kwa hiyo anajua mengine yote, tena anatoa na shauri la bure: pita huku, usipite kule, leo usiende Nyakabiga, chemsha maji. Watu wanaingia kwa habari, wanatoka wamenyolewa. Kwangu wangeingia kwa habari, watoke na shokabsoba. Rahisi namna hiyo! Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Nikaliegemeza kapo mlangoni, nikaandika kwa chaki. Habari: sukari imepanda. Shauri: zoea chai chungu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za adabu: VIPURI KWA MOUBARAK, BUYENZI.

Watu wakasimama. Wakasoma hadi mwisho! Kisha wakaenda kubishana juu ya sukari kwenye benchi la Massoudi. Wawili wakanyolewa kabisa. Massoudi akatoa kichwa nje, akapaza sauti kunishukuru, akasema ndugu yangu, endelea hivyohivyo.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Sukari, chai na jina langu vimetiririka hadi mtaroni. Chaki si kitu cha mfanyabiashara. Nimetoa rangi ya mafuta, nyeusi, ile ya kupaka chini ya magari. Sasa mvua ije.

Ilibaki habari ya kuandika. Nikaenda kwa Massoudi kuiba. Kwenye kiti alikaa Callixte, anayefanya kazi katika ofisi ya serikali mjini, povu hadi masikioni. Nikamwinamia, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama kesho kuna ville morte. Siku hizo za mji mfu sote tumezijua: vijana wanaamuru mji ufungwe, mawe yanapangwa barabarani, na atakayefungua duka atajieleza mwenyewe. Callixte hakujibu. Alinitazama kwa jicho moja, kisha akalifumba.

Hakujibu! Mtu wa serikali asipojibu, maana yake anajua. Nikatoka mbio kumtangulia Massoudi, ambaye redio yake ilikuwa inapiga muziki tu, maskini. Nikapaka kwa herufi kubwa: KESHO NI VILLE MORTE. SHAURI: NUNUA LEO. Na jina langu chini.

Rangi imekauka tu, akasimama Xavier, mwenye teksi. Corolla yake nyeupe ilipigwa jiwe mwezi uliopita, kapo lilijikunja kama chapati. Nilidhani anasoma. Alikuwa anapima. Mteja! Akalipa, tukalifunga kapo palepale, akaenda zake. Sikumbuki mara ya mwisho nilipouza kitu haraka hivyo.

Raihana, mke wangu, ameuliza lile gazeti langu liko wapi. Nimemwambia nakala zote zimenunuliwa.

Alhamisi, 5 Oktoba

Hakuna ville morte. Mji wazi, jua kali, hata mbuzi wanatembea. Massoudi amekuja kuniuliza, kwa heshima kubwa sana, kama mji ulikufa usiku akiwa amelala, ili naye aje msibani. Callixte pia amepita. Anasema hakunijibu kwa sababu alikuwa na wembe kooni na povu mdomoni. Hilo angeweza kulisema jana.

Afadhali kapo limekwenda. Ushahidi hakuna.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nje ya msikiti, baada ya sala, Massoudi alikuwa na habari mpya kutoka kwa mteja wake wa mtaa wa Nyakabiga: kesho ville morte. Nimekataa kuamini. Nilishapaka rangi mara moja. Lakini wengine walikuwa wanaharakisha kwenda kununua mchele, hata viatu wamevaa vibaya.

Nimekutana na Xavier kwenye kona ya garaji, anacheka peke yake. Anasema tangu Jumatano hapati nafasi ya kula. Kila mtu anataka apelekwe sokoni leo, leo hii, arudi na gunia. Nikamuuliza mbona hajapaka rangi nyeupe juu ya maandishi yangu. "Apana, mzee," akasema. "Rangi ni bei. Na mi nikiwa ndani siyaone." Kweli kabisa. Nani husoma kapo la gari lake mwenyewe? Kijana ana bahati, basi. Wengine wanazaliwa nayo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Ville morte haikuja. Lakini imetangazwa tena, ya kesho! Safari hii si Nyakabiga peke yake. Soko kuu nako wanasema, na stendi ya mabasi. Massoudi amefundisha benchi zima kwamba habari ikitoka pande tatu ni ya kweli, hata redio hufanya hivyo. Tena aliyeitoa si mtu wa ovyo. Ni mfanyabiashara mkubwa wa hapahapa Buyenzi, ameiandika na kutia jina lake. Jina hawakuliwahi, lilikuwa kwenye gari linalokwenda mbio.

Nimekosa raha mchana kutwa. Mfanyabiashara mkubwa wa Buyenzi ni nani? Ana magari! Anatangaza hadi nje ya mtaa! Hajati akimjua mtu kama huyo atampa chumba changu, na ukuta juu yake. Nimepita barabara zote, avenue kwa avenue, nikitafuta duka jipya. Hakuna. Labda anajificha ili asiibiwe akili.

Raihana amesema nile kwanza, wivu nitaendelea nao baadaye.

Jumapili, 8 Oktoba

Daphrose, mama anayetembea kutoka Mutakura na kikapu cha nyanya kichwani, anasema hata njiani kwao ni hivyohivyo: kesho. Anasema hiyo kesho ameisikia siku tatu na imemchosha. Yeye atakuja tu, watoto wake hawali kesho. Nimempa shauri la jirani asije. Akaniuliza kama shauri linaweza kupikwa.

Wenye maduka wamekutana kwa Massoudi. Nyakabiga, soko, stendi, sasa Mutakura. Mchinjaji alikuwa na ng'ombe ameshachinja, hakutaka kufunga. Massoudi akamwambia nyama inaoza mara moja, na mtu pia. Mchinjaji akakubali kufunga.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Kesho ndiyo siku ya Hajati! Massoudi akifunga, hatakuwa na mteja hata wa dawa. Mimi nikifungua kimyakimya na kupata mtu mmoja tu, nimemshinda. Nikasimama, nikaunga mkono kufunga. Nilisema maneno mazuri juu ya umoja wa mtaa. Fundi cherehani alifuta machozi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nilifungua asubuhi. Mtaa mzima umefungwa. Nikakaa mlangoni kama bwana harusi.

Kimya kile kikaanza kuniingia. Hata mafundi hawakugonga chuma. Nikajiuliza: watu wote hawa wakosee, mimi peke yangu nipatie? Tangu lini? Nikakumbuka mawe. Nikakumbuka kapo la Xavier lilivyokunjwa. Nikafunga, nikajiweka nyuma ya radieta.

Mara gari. Nikachungulia kwenye tundu. Teksi nyeupe, na kutoka ndani yake anashuka Hajati Houda na mwavuli. Akautazama mlango wangu, akautazama wa Massoudi, akaigonga yote miwili kwa mpini, akiuliza kwa sauti ya kusikika hadi avenue ya pili kama amekuja kukagua vyumba au makaburi. Milango ikafunguka nusunusu. Massoudi akatoka na kumweleza kwamba leo ni ville morte. Hajati akamuuliza ya nani. Ametoka Asiatique, amepitia sokoni, na huko watu wanasukumana kwa magoti!

Hapo Massoudi akageuka, akaliona kapo la ile teksi. Akasoma kwa sauti. Polepole, kama redio. Alipofika VIPURI KWA MOUBARAK, BUYENZI, mtaa mzima ulikuwa umeshafika.

Ndiyo, nilikuwa na watu mlangoni. Hawajawahi kuwa wengi hivyo. Wote walipiga kelele. "Mutu moja anafunga mutaa muzima! Na hata tairi hana!" Huyo alikuwa mchinjaji, akiwa na kisu. Xavier alizunguka mbele ya gari lake akasoma naye, kwa mara ya kwanza, akasema kumbe. Nilijaribu kueleza kwamba kesho ile nilimaanisha Alhamisi. Haikusaidia.

Daphrose alikuwa amekuja kweli. Kikapu kimejaa, na muda wa wanunuzi umeshapita. Yeye hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi bovu lililotupwa mtaani akizigeuza nyanya, zile laini juu. Hilo liliniuma kuliko kisu cha mchinjaji.

Massoudi akamwambia Hajati basi, mama amejionea, ukuta uvunjwe. Hajati akanitazama kuanzia upara kushuka chini. 

"Apana," akasema. "Nikimutoa hapa, ataenda wapi? Ataenda mutaa wenye hawamujue. Kule watamuamini."

 Watu wakatazamana.  Fundi cherehani akasema kweli, hapa angalau tumeshamzoea. Hata Massoudi akakuna kichwa, akakubali kwamba ukuta unaweza kungoja. Ikapita bila kura: nibaki, kwa usalama wa mji.

Nimebaki! Duka ni langu! Nilitaka kutoa hotuba. Hajati akanyoosha mwavuli kwenye kapo na kuniuliza shauri langu linasema nini. Nikasoma: nunua leo. Basi nunua, akasema, akanielekeza kwenye kikapu cha Daphrose. Chote.

Jumanne, 10 Oktoba

Mchuzi wa nyanya asubuhi. Raihana ameuliza kama wafanyabiashara wakubwa wote wa Buyenzi hunywa chai na nyanya. Sikujibu. Mtu asipojibu, anajua.

Nimeapa mbele ya Hajati na mtaa mzima kwamba sitatangaza tena habari yoyote, na kiapo nakiheshimu. Lakini kusahihisha si kutangaza. Xavier amekuja mapema. Askari wa kizuizi cha barabarani wamemsomea kapo lake, wamemwambia neno kesho ni la uongo, alitoe. Wana haki. Neno hilo ndilo lililoleta balaa yote, tangu jana nalisema. Rangi nyeupe iliyobaki dukani kwangu ilitosha neno moja tu. Nikaifuta KESHO. Pakabaki pengo baya, na mimi ni mtu wa kazi safi, kwa hiyo nikaijaza nafasi kwa rangi nyeusi: LEO. Sasa hakuna wa kuchanganya siku. Xavier amefurahi, ameondoka kuelekea sokoni.

Nimekaa mlangoni, nina amani. Mwenye duka, ameshiba nyanya.

Saa tano. Massoudi anafunga. Fundi cherehani pia, amesahau mkasi nje. Wanasema kuna habari kutoka sokoni, nzito, na safari hii ni ya leo hii. Sijui kumetokea nini tena. Mji huu haueleweki.

Nimefunga na mimi. Siasa siijui, lakini jirani akifunga, funga.