Nirudishie Mipira Yangu Iliyochakaa

Kwako Shemeji, Fundi Mkuu wa gereji,

YAH: KUBADILISHIWA MIPIRA YA PETROLI BILA RIDHAA

Sisi huku hatujambo. Gari nalo limepona, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Nilikuletea gari uniangalizie honi. Honi, shemeji! Wewe ukaingia uvunguni, ukang'oa mipira yote ya petroli, toka kwenye tangi hadi kwenye injini, ukaweka mipya. Nani alikutuma? Naomba kwa heshima zote unirudishie ya zamani, kwa sababu zifuatazo:

1. Ilikuwa na nyufa, sikatai. Visigino vyangu navyo vina nyufa, mbona hukuvikata?

2. Umeidharau kazi ya mikono yangu. Kila palipovuja nilikandika sabuni ya mche, nikafunga na utepe wa tyubu ya baiskeli. Nasikia ulipoiona ulicheka hadi ukakaa chini. Mtu mzima huchekwa akiwepo, ajitetee.

3. Harufu imekwisha. Zamani nikiingia mtaani tu, majirani wanajua baba kafika. Fundi cherehani wa pale kona alikuwa anaificha pasi yake ya mkaa nikipita. Sasa ananipungia mkono tu, kama mtu yeyote.

4. Hapa ndipo roho inaponiuma. Mama yako mzazi, mama mkwe wangu ninayemheshimu, alikuwa hapandi gari langu kwa sababu ya harufu ile. Alisema wazi kwamba yeye hajachoka kuishi. Tukakaa kwa amani. Sasa anapanda kila siku! Anakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani: punguza mwendo, kata kona, huyo mwenye baiskeli humwoni? Jana kaniamuru nisimame nimsalimie trafiki, ati ni mtoto wa rafiki yake. Shemeji, nyumbani nilishanyang'anywa hata rimoti. Mle garini ndimo pekee nilimokuwa nasikilizwa.

5. Dada yako naye, kuona mama yake anapanda, anataka kujifunza kuendesha. Akijua, watoto watawahi shule, sokoni wataenda bila kunibembeleza, na nyumba itakwenda vizuri kabisa. Mimi nitabaki wa nini?

Kwa hiyo nadai mipira yangu, kila kipande, na sabuni yake. Wasalimie shemeji mkeo, watoto, na mafundi wote, hata yule aliyemsaidia bosi wake kucheka.

Ni mimi, niliyetendewa wema kwa nguvu,
Mume wa dada yako

Tanbihi: Barua nilishaifunga, uvumilivu ukanishinda. Ulipokwenda kula nilichukua kipande cha mpira wa zamani kwenye ndoo yako ya chakavu, nikaukata ule mpya, nikakifunga mahali pake mwenyewe hapa uani, nikawasha, nikainama mbele kutazama. Kikapasuka, petroli ikarukia injini. Watoto walikuwa kiti cha nyuma, bibi yao kiti cha mbele. Mimi nikaduwaa, wallahi. Mama mkwe akazima ufunguo palepale alipokaa, akawatoa watoto, akanivuta na mimi kwa kola. Wote tu wazima. Barua hii ichome, lakini mbali na gari. Njoo haraka na mpira mpya. Kiti cha mbele ni cha mama, na mkanda nitamfunga mimi mwenyewe.