Makaroni Hayasongwi!

Leo nimeumbuka. Na sikuumbuka kawaida, nimeumbuka nimejifunga kitenge cha mama mwenye nyumba.

Wenzangu wa bweni la chuo, nawaandikia mikono bado inanuka kitunguu. Kesho asubuhi barua hii nampa kondakta wa basi. Ikifika, anayewasomea asome mpaka mwisho ndipo mcheke. (Najua hamtaweza.)

Mnajua namtaka Anjela, fundi cherehani wa hapa Heru Juu. Kwao hawajanikatalia wala kunikubalia. Kikwazo ni shangazi yake. Huyo mama akisema hapana, hata baba mzazi anafunga mdomo. Anasema mimi ni mtu wa kuja, kwetu Muheza huko, serikali ikinihamisha nitaondoka na binti wao, na siku akijifungua ugenini hakuna wa kumpikia hata uji. Basi wakapanga waje kwangu leo, yeye na baba mdogo wa Anjela, wale chakula, waone ninavyoishi, wanipe jibu lao.

Nikasema sawa, waje. Nitawapa makaroni na nyama ya kusaga.

Na nikisema makaroni, nasema ya mama yangu. Kwetu kila nyumba ina yake na kila nyumba inajiona. Mama mkubwa anatia karoti nyingi mpaka sahani nzima inakuwa ya rangi ya chungwa. Mama mdogo anatia sukari (Mungu amsamehe). Mama yangu anakaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, anatia nyama, nyanya na bizari kidogo, halafu makaroni yanaingia mwishoni, kila moja limesimama lenyewe, halijamwegemea mwenzake. Alizaa wavulana watupu, akasema hafi na mapishi yake, akanifundisha mimi mkubwa. Na pakiti za makaroni kanitumia yeye mwenyewe, zimekuja kwa treni mpaka Kigoma.

Anjela aliposikia mpango wangu alishika kichwa.

"Mwalimu, shangazi akikukuta jikoni tumekwisha! Mwanaume anawapikia wakwe? Atauliza mke unamtaka wa nini."

Tukakubaliana hivi: napika mimi, lakini anayeonekana kupika ni Mama Anisia, mama mwenye nyumba ninayopanga. Mama huyu wazazi wake walitoka Burundi akiwa mgongoni, amekulia hapahapa, anauza unga wa muhogo sokoni. Kazi yake ilikuwa moja tu, kubeba sahani kutoka jikoni kupeleka sebuleni. Akaniambia, "Ego, mwalimu wangu, usiwe na shaka." ("Ego" ni "ndiyo" ya huku.) Nikawa sina shaka. Mjinga mimi!

Asubuhi nikaenda buchani. Nikaomba nyama ya kusaga.

"Ya nini?"

"Ya kusaga. Ile laini laini."

Muuza nyama akawageukia wateja wengine, maana siku hizi wakimbizi wamejaa na soko halina pa kukanyaga. "Jamani, hapa nyama tunasaga kwa meno. Mwalimu mwenzetu kayasahau kwao!" Wakacheka wote, hadi waliofika nchini juzi. Mimi nikanunua steki yangu, nikaenda nyumbani, nikaikatakata kwa visu viwili mpaka mikono ikafa ganzi. Ikasagika. Nani kasema mpaka mashine?

Mchuzi ukaiva. Jamani, ule mchuzi! Maji ya makaroni yakaanza kuchemka. Ndipo nikasikia hodi. Wageni wamefika, na jua hata halijafika utosini!

Nikamimina makaroni kwenye maji, nikanawa uso, nikamwambia Mama Anisia, "Yaache yachemke kidogo tu. Yakilainika, mwaga maji, basi."

"Nimwage maji?" Akanitazama kama nimemwambia amwage maziwa ya mtoto.

"Mwaga, mama. Halafu usiyaguse."

Nikaenda kukaa na wakwe. Shangazi ni mama mrefu, amekaa wima, macho yanazunguka ukutani, kwenye kitanda kupitia mlangoni, kwenye redio yangu. Baba mdogo ananiuliza kuhusu ng'ombe wa kwetu. Namwambia kwetu tuna michungwa. Anasikitika kwa ajili yangu.

Katikati ya michungwa nikasikia sauti kutoka jikoni. Pu. Pu. Pu. Mwiko unapiga sufuria.

Wenzangu, sauti ile mnaijua. Nyinyi nyote mmelelewa nayo. Ile ni sauti ya mtu anasonga ugali.

Nikasema, "Samahani wazee wangu, natoka mara moja." Nikakimbilia jikoni.

Nikamkuta Mama Anisia amekaa chini, miguu imebana sufuria, mwiko mikono miwili, anasonga makaroni ya mama yangu! Ameyaponda. Maji hajamwaga hata tone. Unga wa muhogo umo. Donge limekaa katikati ya sufuria, jeupe, linang'aa, na limeridhika kabisa.

"Mama Anisia! Umefanya nini?"

"Yalikuwa yanateleza, mwalimu. Hayashikani. Nikaona wakwe watapata aibu kula kitu kinachokimbia mkono, nikayaongezea unga yashikane."

"Hayasongwi!"

"Sasa yataliwaje?"

"HAYASONGWI! Makaroni hayasongwi, mama! Hayajawahi kusongwa tangu dunia iumbwe!"

(Nilipiga kelele. Nakiri. Na nikirudishwa pale pale, napiga tena.)

Ilikuwa imebaki pakiti moja. Sikufikiri mara mbili. Nikachukua kitenge chake kwenye kamba, nikajifunga kiunoni nisichafue suruali ya posa, nikabandika maji mengine, nikapiga magoti mbele ya mafiga, nikaanza kupuliza moto. Moto ukagoma. Nikapuliza zaidi. Majivu yote yakanirudia usoni.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Nikageuka. Shangazi amesimama mlangoni, baba mdogo anachungulia begani kwake. Walidhani kuna watu wanapigana. Wamemkuta Mama Anisia amekaa kwenye kigoda, ametulia, na mkwe mtarajiwa yuko magotini, kitenge kiunoni, mwiko mkononi, uso mweupe wa majivu.

"Nani anapika humu ndani?" shangazi akauliza.

Mama Anisia akasema haraka, "Mimi."

Shangazi akamtazama, akanitazama. Nikaona Anjela wangu anaondoka hivihivi, naye hata hayupo. Basi nikasimama. Kama ni kukataliwa, nikataliwe nikiwa nimesema ukweli!

"Napika mimi, shangazi. Mama yangu alinifundisha na simwonei aibu. Mchuzi nimepika mimi. Nyama nimekatakata mimi. Lile donge tu ndilo si langu, na sitaki kusingiziwa."

Baba mdogo akasema polepole, "Lakini donge nalo linanukia."

Pakiti ya mwisho ikaiva, tukala. Vyote viwili mezani. Baba mdogo alimega donge, akachovya kwenye mchuzi wangu, akamega tena, akasahau kabisa habari za ng'ombe. Shangazi alichagua ya kwangu. Akashika moja, likamponyoka. Akashika jingine, akalinyanyua usawa wa dirisha, akachungulia.

"Mbona katikati hamna kitu? Nani kala cha ndani?"

Akalitafuna. Akala sahani yote, bila kusema tamu wala chungu.

Nikawasindikiza hadi barabarani. Uso nilikuwa nimesahau kunawa. Shangazi akasimama.

"Mkwe, mimi nilikuja kukukataa."

"Najua, shangazi."

"Nilikuwa nalala nawaza binti yetu akijifungua huko kwenu nani atampikia. Leo nimemwona." Akanipa mkono. "Umepata mke."

Jamani! Nilitaka kumkumbatia katikati ya barabara. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ila harusini," akasema, "sisi tunataka ile aliyosonga yule mama. Hii yako ya kukimbiakimbia utampikia mzazi."

Baba mdogo akaitikia, "Ego!" kwa nguvu kuliko alivyoitikia posa.

Nimekubali kuoa. Makaroni ya kusonga sijayakubali na sitayakubali, hata kama Mama Anisia tangu jioni anapita dirishani anaimba.

Chekeni, ruhusa. Ila mkikutana na mama yangu kabla ya harusi, mwambieni wakwe wameomba ugali na nyama. Si uongo.