Mtaalamu wa Mchwa na Banda la Bi. Siwema

Twaha Mkumba alikuwa na masikio mawili kama binadamu wengine, ila ya kwake hayakuwa na likizo. Jumatano ile, saa nne asubuhi, yalikuwa yameegemea pamoja na mwenyewe kwenye nguzo ya duka moja la pembejeo, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, yakitafuta riziki. Hali ilikuwa ngumu. Biashara yake ya miwani inayofundisha Kiingereza ilikufa wiki iliyopita, baada ya mteja mmoja kuivaa siku tatu mfululizo, hadi usingizini, na kuamka na Kizaramo chake kilekile. Mteja huyo sasa alikuwa akimsaka Twaha mtaa kwa mtaa, na maneno aliyokuwa akiyatumia hayakuhitaji miwani kueleweka.

Ndani ya duka mama mmoja mtu mzima, khanga begani, alikuwa akimweleza muuzaji shida yake kwa sauti ya kusikika hadi Msimbazi.

"Ni banda la uani, baba. Mchwa! Na Jumamosi namwozesha mjukuu wangu Zamda. Hapo penye banda ndipo pa kuweka masufuria ya pilau, sina pengine. Wabebaji nimewaita, kila mmoja akichungulia anataja bei ya kujengea nyumba."

"Humo ndani kuna nini, mama?"

"Makorokoro. Na mlango wa marehemu babu, wa nakshi, misumari imejaa. Babu mwenyewe alikuwa akiuita mninga."

Masikio ya Twaha yalisimama. Mninga! Mjini hapa hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mchwa na mninga hawaivi chungu kimoja. Mchwa wataula mlango wa jirani, watakula na cheti chako cha kuzaliwa, lakini mninga wataupita kwa heshima. Kwa hiyo bibi huyu alikuwa akihofia mali ambayo haiwezi kudhurika. Na Twaha alimjua mtu aliyekuwa akiutafuta mlango wa namna hiyo kama dawa: Elimringi, muuzaji wa jumla wa mchele ambaye mtaa wote ulimwita Mangi, aliyekuwa akimalizia nyumba Machame na kutaka mlango wa nakshi wa kumfunga mdomo shemeji yake kabla ya Krismasi. Neema ikikushukia hivyo, kuikataa ni kufuru.

Mama alipotoka, Twaha alikuwa ameshafunga kifungo cha juu cha shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, nimekusikia bila kukusudia. Naitwa Injinia Twaha. Kitengo cha Mchwa."

"Kitengo cha wapi?"

"Cha mchwa, mama."

"Mchwa nimewasikia. Nauliza cha wapi."

"Cha... Kanda ya Pwani."

Mama alimtazama kuanzia kifungo cha shati hadi viatu, macho yakakaa kwenye viatu kidogo.

"Kumbe mchwa wana kanda."

"Wana hadi wilaya, mama."

"Haya. Mimi Bi. Siwema. Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri, ulizia nyumba yenye mpera. Njoo baada ya adhuhuri."

Twaha alifika na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, alichokiazima kwa rafiki yake anayeuza vifaa vya hospitali. Banda lilikuwa la mbao na mabati, refu kama kontena, na kufuli lake lilikuwa limeshika kutu. Alikibandika kipimo ukutani, akafumba macho, akatikisa kichwa kama daktari aliyezoea kuzika.

"Wanasemaje?" Bi. Siwema alinong'ona.

"Koo saba, mama. Saba! Wamejaa juu hadi chini. Na malkia wao ni mjamzito."

"Wa ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Mungu amfungulie salama."

"Shida ni kwamba wanapanga kuhamia nyumba kubwa."

"Kwa ruhusa ya nani? Hata ya hapa kodi hawajalipa."

Twaha alisogea kwenye ufa wa mlango wa banda, akachungulia. Kule mwisho, umeegemea ukuta, ulisimama mlango wa babu: maua ya nakshi kuanzia juu hadi chini, misumari mikubwa ya rangi ya dhahabu, na vanishi ikimeremeta chini ya vumbi. Moyo wake uliruka, na aliusikia vizuri kabisa, maana kipimo kilikuwa bado masikioni na mwisho wake umegusa kifua.

"Mama, tiba ni moja," alisema akijikaza. "Kila kilichomo kiondoke, kiende karantini. Hasa ule mlango. Ule ni mgonjwa mahututi."

"Utaurudisha lini?"

"Mgonjwa mahututi huwa haulizwi siku ya kurudi, mama."

Bi. Siwema alivuta kigoda, akaketi, akalikunja gauni magotini. Mtu anayemjua angeanza kuogopa hapo, lakini Twaha hakumjua.

"Mwanangu, mimi nimeuza mitumba Mchikichini miaka ishirini na saba. Kwa hiyo nitakuuzia banda langu kama tunavyouziana belo la nguo lililofungwa. Belo unalizunguka, unalipiga kofi, unalinusa, unachungulia pembeni ukipenda. Kufungua hapana. Ukishakata mkanda, ni lako lote: gredi ya kwanza ya juu ni yako, na matambara ya chini ni yako. Hakuna kurudisha, hakuna kulia."

"Uniuzie? Mama, mimi ndiye wa kulipwa hapa! Huu ni utaalamu."

"Sawa. Basi nimsubiri yule mwingine. Jana amepita mtaalamu wa Kanda ya Kati, naye ameupenda sana mlango."

Kanda ya Kati aliibuni nani? Hakuwa na muda wa kufikiri, maana mwizi akisikia kuna mwizi mwenzake, akili yake hukimbilia mlangoni kwanza.

"Unataka nini, mama?"

"Magunia mawili ya mchele mzuri na dumu la mafuta. Na Ijumaa banda liwe limeondoka lote, mbao, bati, vumbi, hadi sakafu ionekane. Ukishindwa, mjukuu wangu atapikiwa pilau barabarani, nami nitajua pa kukutafuta. Kanda ya Pwani si kubwa."

Walipeana mikono. Twaha aliondoka akijizuia kucheka, na Bi. Siwema alibaki kwenye kigoda bila kujizuia.

Dukani kwa Elimringi hakukuwa na nafasi ya kusimama kwa wingi wa magunia, kwa hiyo Twaha aliongea akiwa ameketi juu ya mojawapo.

"Mangi, mlango umepatikana. Mninga mtupu. Una umri mkubwa kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

"Aisee Twaha, wewe ndiye uliyeniuzia feni ya sola inayofanya kazi gizani."

"Mangi, ya kale hayanuki. Huu nimeuona kwa macho yangu. Magunia mawili na dumu la mafuta tu kwa sasa, Ijumaa unapakia kwenye pikapu na kunipa changu, Krismasi shemeji anabisha hodi kwenye historia."

Elimringi aliliwaza neno "historia". Lilimkaa vizuri. Alikuwa mtu mwenye hesabu kali kwa kila kitu duniani, isipokuwa shemeji yake.

"Nakupa. Lakini sikia. Huo mlango usipokuwa mlango, utabeba magunia hapa dukani kwangu, kushusha na kupakia, mpaka Krismasi. Na ukitoroka, kuna jamaa mmoja wa miwani huwa anapita hapa kukuulizia. Nitamwonyesha njia."

Twaha aliitikia kwa kicheko kifupi. Katika maisha yake yote hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko uongo, na aliogopa kubeba kuliko alivyoogopa polisi. Mlango ule sasa ulikuwa umebeba mgongo wake.

Mchele ulifika Gerezani Alhamisi. Ijumaa asubuhi Twaha alikuja na nyundo. Bi. Siwema alikuwa amewaita majirani wawili watatu kushuhudia, na wale ambao hawakuitwa walikuwa wameshapanda ukutani. Nyundo ilipiga, kufuli likadondoka.

"Bismillahi," alisema Bi. Siwema. "Mkanda umekatika."

Kwanza Twaha alivuta rafu. Rafu haikuja, mkono ulikuja peke yake, umejaa unga. Alishika mguu wa meza, ukasagika kama kashata. Alipiga hatua ndani, na boriti moja ilishuka taratibu, ikamfikia begani ikiwa vumbi, ikampaka kuanzia kope hadi soksi. Majirani walipiga makofi. Mchwa walikuwapo kweli, kila mahali, weupe, wanene, wenye shughuli zao, na Twaha alishtuka kama mchungaji aliyeombea mvua kwa mazoea na kulowa njiani.

Akajipa moyo. Makorokoro yaliwe, hayamhusu, mninga hauliwi. Kwa hiyo alibeba. Alibeba mbao zilizooza, mabati, godoro lenye umri wa uhuru, cherehani bila kichwa na ndoo ishirini za vumbi. Kila safari Bi. Siwema alimpa maji ya kunywa na moyo: "Hongera, mtaalamu. Kanda ya Pwani ina watu." Kufikia saa tano banda lilikuwa limebaki kuta mbili na mlango wa babu, umesimama peke yake, mzuri, ukimeremeta. Twaha aliutazama kwa macho yenye machozi. Sehemu ilikuwa vumbi, lakini sehemu ilikuwa mapenzi.

Elimringi aliingia uani akifuta miwani yake ya kawaida.

"Aisee," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Aisee! Huu ndio mlango."

"Nilikuambia nini, Mangi?"

"Ngoja nisikie mbao." Elimringi alikunja kidole, akabisha hodi.

Kidole kiliingia. Kiliingia hadi kwenye pete ya ndoa, bila kelele, kama kimeingia kwenye maandazi. Elimringi alikitoa, na tundu likatoa mchwa mmoja, akatazama nje, akarudi kuwaita wenzake. Kisha mlango wa babu ulipumua, ukakunjamana, ukaketi chini. Kilichobaki ni ngozi ya vanishi na misumari ya dhahabu, ambayo ilipogusa sakafu ililia kama vizibo vya soda.

Twaha aliokota msumari mmoja, akautazama pande zote.

"Mninga hauliwi na mchwa!" alifoka.

"Kweli kabisa," alisema Bi. Siwema. "Mninga hauliwi. Huo ni mwembe. Babu aliuziwa na fundi mmoja mwenye maneno matamu kama wewe, akafa akiuita mninga. Sisi tulimwacha, alikuwa mzee wetu."

"Mama, umeniingiza mjini! Umeniuzia vumbi!"

"Mimi?" Bi. Siwema alishika kifua. "Mwanangu, mimi ni bibi tu, nitajuaje yaliyomo ndani ya mbao? Wewe ndiye uliyesikiliza. Ukaniambia mwenyewe, hapa hapa: koo saba, wamejaa juu hadi chini. Ukaniambia ule mlango ni mahututi. Nami nilikuuzia ulichokipima."

"Lakini nilikuwa nasema tu!"

"Ulikuwa unasema tu?" Elimringi aligeuka. Uso ulikuwa umemvimba. "Yaani ulimdanganya mama huyu? Na mchele wangu uko wapi?"

"Uko jikoni, baba, umeshachambuliwa," Bi. Siwema alimjibu kwa upole. "Karibu kesho saa saba, uje ule. Nitakuwekea ukoko."

Ukutani watu walikuwa wameongezeka. Vijana wa vipuri walikuwa wameacha kazi, na mmoja alikuwa ameshashuka, ameshika spana kubwa, akiuliza kama kuna tapeli ili awahi kumpiga. Elimringi alimsogelea Twaha pua kwa pua.

"Nijibu jambo moja mbele ya hawa wote. Wewe ni mtaalamu wa mchwa, au ni tapeli?"

Twaha aliliangalia swali lile pande zote, akalizunguka kama belo. Akisema tapeli, spana ilikuwa karibu. Akisema mtaalamu, basi alijua alichonunua, mchele ulikwenda kihalali, na mgongo wake ni wa Elimringi mpaka Krismasi. Maishani alikuwa ametoka kwenye vichochoro vingi kwa ulimi tu, na leo ulimi ulikuwa na vumbi.

"Mtaalamu," alisema.

"Hatujakusikia!" walipiga kelele wa ukutani.

"Mtaalamu! Mimi ni mtaalamu wa mchwa!"

"Alhamdulillahi," alisema Bi. Siwema, akainuka kwenye kigoda, akamkabidhi chepe. "Basi malizia sakafu, mtaalamu wangu. Wapishi wanafika saa tisa."

Yule mwenye spana alirudi kazini amekata tamaa. Twaha aliinama, akaanza kuzoa. Alikuwa hajajaza ndoo ya kwanza, sauti ya mama mmoja ikamshukia kutoka juu ya ukuta, tamu, yenye matumaini.

"Mtaalamu! Ukimaliza kwa Bi. Siwema, pita na kwangu. Mimi wamenila paa."

"Na mimi stoo!" akadakia mwingine.

"Na sisi madrasa!"

Twaha alimtazama kijana wa spana, kijana wa spana akamtazama yeye.

"Nakuja, mama," alisema. "Pangeni foleni."