Folda ya Naibu Haipitwi Bila Hodi

Ofisi yetu ina furaha kuutaarifu umma kwamba kufungua faili kwenye kompyuta, kazi ambayo zamani ilifanyika haraka haraka bila heshima yoyote, sasa inachukua muda unaostahili. Mafanikio haya hayakudondoka kama embe. Yalitokana na uchunguzi, vikao na chai nyingi, na mimi, Kaimu Msimamizi Mwandamizi wa Itifaki za Kompyuta, nilikuwamo tangu mwanzo.

Yalianza pale Katibu Muhtasi alipoonekana akitoka kazini saa ya kutoka kazini.

Mara ya kwanza tulidhani anaumwa. Mara ya pili tulidhani amefiwa, tukaanza kuulizana msiba uko wapi. Aliporudia wiki nzima, mkoba begani, meza tupu, kompyuta imezimwa, Mkurugenzi aliniita.

"Yule binti vipi? Kazi zinaisha?"

"Zinaisha, Mzee."

"Zote?"

"Zote. Hata kiporo hana."

Mkurugenzi akavua miwani. "Basi kuna jambo."

Nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha Katibu Muhtasi, nikijifanya natafuta stepla. Sisi wengine tukitaka faili tunaanzia juu: tunafungua folda ya Idara, ndani yake ya Mkurugenzi, ndani yake ya Naibu, tunashuka hivyo hivyo kama watu wa ghorofani siku ambayo lifti imekufa. Yeye alikuwa amebandika folda zake za kila siku ubavuni mwa dirisha la mafaili, zimejipanga kama vikombe kabatini, na majina mafupi ya kihuni: Barua. Likizo. Malalamiko. Akibonyeza mara moja, chapu, yuko ndani. Tena alikuwa ameielekeza kompyuta ifungukie hapo hapo kwenye folda zake, wala si kule juu kwa wakubwa.

Kamati ilikaa Alhamisi. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti. Pembeni yake alikaa Naibu, mtu wa mwili mkubwa na machozi ya karibu.

"Binti," Mkurugenzi alianza kwa upole, "tumesikia una njia za mkato."

"Ndiyo, Mzee. Nimebandika tu folda ninazotumia."

"Amekubali! Andikeni. Binti, unajua njia ya mkato ndiyo mama wa rushwa?"

"Mzee, hii ni ya kompyuta."

"Na rushwa nayo ilianza hivyo hivyo, kidogo kidogo."

Naibu akajikohoza. "Mimi nina swali moja tu. Ukienda kwenye Malalamiko, folda yangu huipiti?"

"Siipiti, Bosi."

"Hata kidogo?"

"Haina kitu, Bosi. Ukiifungua unakuta folda nyingine."

"Hata hodi?" Sauti ilimkatika. Nikammiminia maji.

"Bosi, hodi ya nini, na ndani hamna mtu?"

Chumba kizima kikatazama dari. Katibu Muhtasi naye akaona amefika pabaya, akashusha sauti. "Wakubwa zangu, nina mtoto mchanga. Anayenishikia ni wifi yangu, na yeye ana zamu ya jioni kiwandani. Nikichelewa, naye anachelewa, na akichelewa anakuta geti limefungwa. Sijaiba, sijaruka mtu. Nimejipangia vitu vyangu karibu na mkono. Kosa liko wapi?"

"Hoja yako imepokelewa," nikamwambia. Kila aliyewahi kufanya kazi kwetu anajua maana yake.

Tukatoa Mwongozo wa Mwendo wa Heshima Ndani ya Mafolda. Folda zote zilizobandikwa zibanduliwe. Kila faili lifikiwe kuanzia juu. Kila folda ya kiongozi ibebe cheo chake kamili, kwa sababu jina fupi ni dharau. Fundi wa kompyuta alipoyaona majina tuliyomkabidhi alikuna kichwa.

"Haya ni marefu mno, wakuu. Kompyuta ina mipaka yake."

"Sisi hatuna," Mkurugenzi alimjibu.

Basi ukifungua Ofisi ya Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji na Mwangalizi wa Mambo Yote, ndani unakuta Ofisi ya Naibu wa Mheshimiwa Aliyetajwa Hapo Juu. Ndani yake kuna Mapokezi ya Naibu. Ndani ya Mapokezi kuna folda iitwayo Tafadhali Subiri. Habari zikavuma, na kila mkuu wa sehemu akataka apitiwe. Mkuu wa Usafirishaji, ambaye sehemu yake haina hata baiskeli, aliapa kwamba bila folda yake njiani hatashiriki kikao chochote. Tukampa mbili.

Matunda yalionekana upesi. Wananchi waliokuja kufuata barua zao walipata nafasi ya kufahamiana vizuri pale kwenye benchi. Katibu Muhtasi alianza kutoka wakati taa za barabarani zimeshawaka. Macho mekundu, kidole kimekufa ganzi kwa kubonyeza.

Jioni moja mlango ulisukumwa na teke. Alikuwa wifi yake, amevaa sare ya kiwandani, mtoto mgongoni.

"Wifi, mtoto wako huyu hapa. Mimi nimeshapewa onyo. Leo la mwisho."

"Wifi yangu, nisamehe, bado kidogo, nimefika kwa Usafirishaji..."

"Usafirishaji gani, na wewe umekaa hapo hapo tangu asubuhi?" Akamfungua mtoto, akatafuta mtu asiye na kazi, akanikabidhi mimi. "Shika, kaka. Kichwa usikiachie."

Nikamshika mtoto kwa niaba ya ofisi. Alinilowanisha tai. Katibu Muhtasi aliendelea kubonyeza, machozi yakimdondoka kwenye kibodi, na kwa kuwa Mwongozo haukutaja machozi wala mtoto, sikuwa na kifungu cha kusimamia. Nilimpigapiga mtoto mgongoni, na lazima niseme kwamba niliona aibu, ingawa si rasmi.

Wiki iliyofuata tulitembelewa na mgeni rasmi kutoka makao makuu, mama mfupi mwenye viatu vya chini na maneno machache. Alikuja kuona Mwongozo ukifanya kazi. Alikuja pia kuamua kama Mkurugenzi, ambaye umri wa kustaafu ulikuwa umemfikia, aongezewe muda. Ombi lake lilikuwa tayari ndani ya kompyuta, chini kabisa, mahali pa heshima. Ukumbi ulijaa. Wananchi wa kwenye benchi tuliwaingiza wapige makofi.

Nikashika kipanya. Skrini kubwa ukutani ikaonyesha folda moja baada ya nyingine, na kila cheo kilipotokea mwenyewe aliinuka kidogo akainama. Naibu aliinuka mara tatu. Hatimaye nikalifikia faili la ombi, nikabonyeza, na mbele ya ukumbi mzima yakatokea maandishi:

Faili haliwezi kufunguka. Njia ni ndefu mno.

Mgeni rasmi akayasoma kwa sauti. Mama mmoja kule nyuma akaruka kutoka kitini: "Ee! Hata mashine imechoka! Sisi tunasema kila siku!" Na makofi tuliyoyaomba yakaja, ila si mahali pake.

"Nani ameirefusha?" mgeni akauliza.

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika utumishi wangu. Mkuu wa Usafirishaji akasema yeye hajawahi kuwa njiani, muulizeni yeyote. Naibu akamwinamia fundi, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Kijana, nitoe mimi kwanza." Wengine wakapanga foleni, kila mmoja akiomba afutwe, na Mkurugenzi, alipoona amebaki juu peke yake kama bendera, naye akatikisa kichwa kwamba atolewe. Fundi alifuta mpaka akatokwa jasho.

Nikabonyeza tena. Faili likafunguka papo hapo, na ombi la Mkurugenzi likasomeka kwa herufi kubwa:

Bila mimi na viongozi wenzangu, ofisi hii haiwezi kwenda hata siku moja.

Mgeni rasmi akaitazama skrini. Akawatazama viongozi, wote wametoka njiani, wamesimama ukutani.

"Mbona imekwenda?" akasema.

Hakupandisha sauti. Akamwita Katibu Muhtasi, akamwomba abandike tena folda zake, akasimama hapo hapo kujifunza, akaandika hatua zake kiganjani kwa kalamu. Mkurugenzi alitakiwa mapumziko mema ya kustaafu. Naibu akalia, safari hii bila maji.

Nilimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, kama itifaki inavyotaka. Akageuka. "Na wewe, kaka, kazi yako hasa ni ipi?"

Nikasimama wima nikaanza kumtajia cheo changu. Nilikuwa nimefika "Mwandamizi wa" gari lilipoondoka. Nimebaki hapa getini. Akirudi, nitamalizia.