Kupinga Uamuzi wa Kuninyima Hotuba kwenye Harusi ya Binti Yangu

Silver Spring, Maryland
Jumatano

Mheshimiwa Rabi Zeligson,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa masikitiko. Mwanzoni nilikuwa nimeandika "masikitiko makubwa", nikaona hayo niyaweke akiba. Jumapili unamfungisha ndoa binti yangu wa pekee, Shifra, na Natan, yule daktari wa meno. Shifra amenikataza kuhutubia. Kazi hiyo amempa mjomba wake, muuza mazulia. Naomba uutengue uamuzi huo kwa sababu zifuatazo.

1. Sifa ninazo. Nilianza katika gazeti letu la Kiyahudi la kila juma, nikiandika habari za mikutano ya jumuiya, hata ule ambao watu walishikana mashati wakigombea meza ya mbele. Kisha nikaenda kuwashawishi wabunge ili wazee wetu walioko hospitalini wapewe chakula kinachofuata sheria yetu. Nilikuwa namweleza mbunge ndani ya lifti kwa nini nyama haichanganywi na maziwa, na namaliza kabla lifti haijafika chini. Sasa mimi ni msemaji wa baraza la jumuiya. Gazetini nilijifunza kuuliza, bungeni nikajifunza kuomba, na barazani nimejifunza kuongea nusu saa bila mtu yeyote kununa. Muuza mazulia ana nini?

2. Shifra anadai naongea kama tangazo. Ushahidi wake ni kwamba siku aliyochumbiwa alinipigia simu akilia kwa furaha, nami nikamjibu, "Familia inaikaribisha hatua hii na itaendelea kuifuatilia kwa karibu." Akasema, "Baba, mimi mwanao, siyo mwandishi wa habari," akakata simu. Rabi, wewe unajua uzito wa neno "kukaribisha" katika baraza ambalo masinagogi yake hayakubaliani hata juu ya saa ya kuanza sala. Neno hilo hutokea baada ya majuma ya vikao. Yeye nilimpa papo hapo.

3. Analalamika pia kwamba niliisambaza rasimu ya hotuba ili watu watoe maoni. Sasa jumuiya inahutubiwaje bila kushauriwa? Niliwapelekea shangazi zake, ndugu wa Natan wanaoendesha gari siku ya Sabato, wale wasioendesha kwa kuwa ni mwiko, na wale wasiosemeshana na pande zote mbili. Dada yangu Bluma alilipinga neno "furaha" kwa kuwa binti yake hajaolewa, tukaafikiana juu ya "matumaini yenye tahadhari". Upande wa Natan nao wakataka jina la kijana wao litangulie, kwa hiyo nikayaondoa majina ya maharusi wote wawili ili kulinda uwiano. Nilidhani nitashukuriwa.

4. Hapa ndipo penye donda. Katika kazi yetu hakuna tamko lisilo na pacha: moja la kura ikipita, jingine la kura ikianguka. Basi niliandika hotuba ya harusi, na ya pili ya dharura endapo bwana harusi atatoroka. Kwa bahati mbaya, nilipotuma nakala ya mwisho, iliyowafikia wageni ni hiyo ya pili: "Familia imesikitishwa, lakini haikushangazwa, na mwenendo wa Natan." Mama yake Natan alinipigia kabla sijamaliza chai. "Hershel, mwanangu katoroka vipi? Si huyu hapa anakunywa supu yangu?" Nikamwambia kauli yangu imetolewa nje ya muktadha. "Muktadha gani? Hilo ni bakuli la pili." Siku hiyohiyo nilitoa ufafanuzi: "Hadi tunapoandika, Natan bado yupo." Sielewi kwa nini ufafanuzi huo ulizidisha mambo.

Mke wangu Dvora naye ameniuliza, "Kwani huwezi kusimama tu ukasema utamkumbuka mwanao?" Nilimjibu kuwa kauli hiyo bado haijapitishwa.

Kwa hiyo naomba nafasi kati ya sahani ya samaki na ya kuku, pamoja na muda wa maswali. Nikinyimwa, nitaunda muungano wa mashangazi. Nitasimama na bango mlangoni pa ukumbi. Ikibidi, nitaitisha kikao cha dharura palepale chini ya kitambaa kinachotandazwa juu ya maharusi, kabla bwana harusi hajaikanyaga na kuivunja glasi ya kumalizia ndoa.

Nisalimie mkeo, yule mzee anayefungua sinagogi alfajiri, na wote wanaogombania samaki wa chumvi baada ya sala ya Sabato.

Wako kwa heshima, na kwa masharti,
Hershel Dubrow

Tanbihi: Shifra amepita jioni hii kuchukua viatu, akaikuta barua mezani, akaisoma. Hakukasirika. Alisema, "Baba, umesahau? Kabla sijafunikwa shela, wewe ndiye unaniwekea mikono kichwani unanibariki. Hiyo ndiyo niliyokuwekea. Ya ukumbini mwachie mjomba." Ni baraka ileile niliyomsomea kila Ijumaa jioni tangu akiwa mchanga, kwamba Mungu amfanye kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Haijawahi kupita katika kikao chochote, nami sijawahi kubadilisha hata nukta yake. Tafadhali zipuuze sababu zote hapo juu. Nimejaribu kuisoma sasa hivi jikoni, mikono nimeiweka juu ya kiti chake cha zamani. Nilifika kwa Rebeka, sauti ikagoma. Nakuomba Jumapili usimame karibu yangu, unipokee kuanzia Raheli.